Mlevi Anapoandika Maisha Yake

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa kwa ombi la Chama cha Fasihi cha shule.)



Nilipoandikiwa barua na Chama cha Fasihi niliombwa nizungumze juu ya kitabu chochote kinachoweza kumfaa kijana. Nilifikiri sana. Vitabu vizuri viko vingi, na walimu wenu wanavijua kuliko mimi, ambaye kazi yangu ni mafaili na taarifa za robo mwaka. Basi nimeamua kuzungumza juu ya aina moja tu ya vitabu, nayo ni ile ya mtu aliyekuwa mlevi, au mtumwa wa dawa za kulevya, akaacha, kisha akaketi kuandika habari zake mwenyewe. Hizo ni tawasifu. Nitauliza maswali mawili mnayoulizwa katika kila mtihani wa fasihi: Je, mhusika mkuu amechorwa vipi? Na mtindo wa mwandishi unafaa au haufai?

Sababu ya kuchagua jambo hili ni daftari. Yupo mwenzetu mmoja aliyesoma katika shule hii, darasa langu, bweni langu. Sitamtaja jina, hilo ndilo sharti aliloniwekea aliponiruhusu nizungumze. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa magari pale Mikumi, mahali ambapo malori yaendayo Tunduma na Zambia hupumzika usiku. Alikunywa mpaka akapoteza kazi, nyumba, na karibu ampoteze na mkewe. Mwaka 2015 aliacha. Baadaye akaandika habari zake kwa mkono katika madaftari mawili, akaniletea nimsahihishie Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua muda mrefu zaidi, na nitawaeleza kwa nini.

Ndugu zanguni, mtu yeyote aliyewahi kuishi na mlevi anajua jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya afya. Mlevi ni msimulizi hodari. Hapana budi awe hivyo. Kila siku anatakiwa aeleze mshahara umekwenda wapi, kwa nini amechelewa, nani amemwibia, nani amemponza. Anajua wapi pa kushusha sauti na wapi pa kutoa chozi. Anajua kujifanya shujaa aliyeonewa, na hilo likishindikana, anajua kujifanya mwovu mkubwa asiyesameheka, ili mkewe amwonee huruma na kumbembeleza. Hadithi zote mbili zina faida ileile: kesho atakunywa tena.

Sasa mtu huyu anapoacha pombe na kushika kalamu, anashika chombo kilekile alichokuwa akikitumia kudanganyia. Hapo ndipo penye ugumu wa vitabu hivi. Darasani tumefundishwa kutenga fani na maudhui, fani upande huu na maudhui upande ule. Katika kitabu cha aina hii haiwezekani. Mtu akiandika kwa madaha juu ya kuacha uongo, hayo madaha yenyewe ndiyo uongo unaoendelea.

Nitoe mfano kutoka mbali, maana ni mfano unaojulikana duniani. Mwaka 2003 Mmarekani mmoja, James Frey, alitoa kitabu kiitwacho A Million Little Pieces. Kilisimulia jinsi alivyopelekwa, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, katika nyumba ya kuwatibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Mtindo wake uliwashangaza wengi. Sentensi fupifupi kama mapigo ya nyundo. Maneno yanarudiwarudiwa. Hakuna alama za kunukuu, na maneno ya kawaida yanaandikwa kwa herufi kubwa kana kwamba ni majina ya miungu. Mhusika mkuu ni mtu wa chuma: anatibiwa meno bila ganzi, anapambana na kila mtu, anakataa mashauri ya waganga na ya wenzake, na anashinda kwa nguvu ya nia yake peke yake. Mwaka 2005 mtangazaji maarufu Oprah Winfrey alikisifu katika televisheni, na nakala zikauzwa kwa mamilioni.

Januari 2006 wachunguzi wa habari walichapisha walichokiona katika kumbukumbu za polisi na mahakama. Mwandishi alidai amekaa jela siku 87. Kumbe alishikiliwa kwa saa chache tu. Mambo mengine kadhaa nayo yalikuwa yametiwa chumvi. Mwezi huohuo alirudi katika kipindi kilekile akakiri, na baadaye kitabu kikatiwa maelezo yake mbele ya sura ya kwanza, akisema kwamba alijichora mkali na jasiri kuliko alivyokuwa.

Watu wengi walibishana kama ni halali kutia chumvi katika tawasifu. Mimi nataka mwangalie jambo jingine: chumvi ilitiwa upande gani? Ilitiwa upande mmoja tu. Kila alipoongeza, aliongeza ukubwa. Alijifanya mhalifu mkubwa, mwenye maumivu makubwa na ushindi mkubwa. Na mtindo ule wa nyundo na herufi kubwa ulikuwa ukifanya kazi hiyohiyo tangu ukurasa wa kwanza, hata pale ambapo habari zenyewe zilikuwa za kweli. Wapelelezi walikwenda mahakamani kutafuta, lakini nadhani msomaji makini angeweza kushuku kwa kuusoma mtindo tu.

Na hasara yake ni nini? Hasara yake ni kwamba karani wa Kilosa anayekunywa chupa mbili kila jioni, kisha tatu, kisha akakopa, hajioni humo. Anasema, "Mimi sikupigana na polisi. Mimi sikutibiwa meno bila ganzi. Basi mimi si mlevi." Anafunga kitabu, anakwenda kunywa. Na yule ambaye kweli ameumia anasoma kwamba mwanamume hahitaji msaada wa mtu, anajaribu kuacha peke yake siku moja, na mwili wake unaanza kutetemeka. Vijana, hili nalo lazima mlijue: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla bila kuangaliwa na mganga anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Aende hospitali kwanza. Kitabu kinachomficha jambo hilo kwa ajili ya ushujaa kinaweza kumwua msomaji.

Sasa nitoe mfano wa pili, wa hapa Afrika, ingawa ni wa kale. Augustino, aliyekuwa askofu wa mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba nchini Algeria, aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya nne. Wengi hukumbuka toba yake mwenyewe. Mimi nakumbuka zaidi ukurasa mmoja juu ya mama yake, Monika, katika kitabu cha tisa cha maungamo hayo. Monika alipokuwa msichana, wazazi wake walimtuma kuchota divai kwenye pipa. Akaanza kugusisha midomo tu, kwa utundu wa kitoto. Kila siku akaongeza kidogo, mpaka akawa anakunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Na alikomaje? Siku moja kijakazi aliyekuwa akifuatana naye pishini aligombana naye, akamtukana kwamba yeye ni mlevi. Lile neno likamchoma. Akajitazama, akaacha.

Hiyo ndiyo habari yote. Haina jela wala damu. Mhusika ni mtoto wa nyumba ya heshima aliyezoea kidogokidogo, na aliyemwokoa ni mtumwa mwenye hasira ambaye hakukusudia hata kumwokoa. Augustino alimpenda mama yake kuliko mtu yeyote, na alikuwa mwalimu wa ufasaha, mtu aliyelipwa kwa kufundisha wengine kupamba maneno. Angeweza kuificha habari hii au kuikuza. Aliiandika kwa ukubwa wake. Ndiyo maana hata leo, baada ya miaka 1,600, mtu wa Mikumi akiisoma anashtuka, kwa sababu kugusisha midomo anakujua.

Ndugu Mwenyekiti, lipo jambo la tatu, nalo ni wahusika wengine. Mlevi anapoandika, mkewe mara nyingi ni kivuli: analia, anaondoka, anarudi. Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano wa kufikirisha, ingawa wenyewe ni wa uhalifu, si wa pombe. John Kiriamiti alifungwa kwa unyang'anyi, na akiwa gerezani akaandika My Life in Crime, kitabu kilichotokana na maisha yake, kilichotoka mwaka 1984. Vijana wa Nairobi walikisoma kwa pupa, kwa kuwa kina mbio na bastola na fedha. Mwaka 1989 mwandishi huyohuyo akatoa kingine, My Life with a Criminal, ambacho msimulizi wake ni Milly, mpenzi wa yule mnyang'anyi. Mambo ni yaleyale ila anayesimulia ni yule aliyekuwa akisubiri nyumbani. Sijui kipimo bora cha mhusika kuliko hicho. Kila anayeandika habari za kuacha ulevi ajiulize: mke wangu akishika kalamu, ukurasa huu utabaki ulivyo?

Sasa nirudi kwenye madaftari ya mwenzetu, na hapa inanibidi niseme habari zangu mwenyewe.

Wazee wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini, ukaharibu reli, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Familia ya mwenzetu ilikuwa miongoni mwao. Katika daftari la kwanza aliandika usiku ule kwa kurasa sita. Mto ulinguruma. Mbingu zilipasuka. Yeye alikata maji yaliyomfika shingoni akiwaita watoto wake kwa majina. Nilipoisoma nilisisimkwa, nikamwandikia pembeni: "Vizuri sana."

Lakini mkewe naye alilisoma daftari lile. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Baba, cherehani iko wapi humu?" Akatoka kwenda kuchota maji. Mwenzetu alikaa na swali lile wiki nzima. Kisha akanunua daftari la pili, akaandika upya. Usiku ule wa kurasa sita ukawa mistari minne. Ameniruhusu niisome:

"Maji yalipoingia nilikuwa nimelala kwenye benchi la kilabu. Mke wangu alibeba watoto wawili mara moja. Cherehani aliyokuwa akitushonea chakula ilibaki ndani. Asubuhi niliwakuta kwenye mahema, na neno langu la kwanza lilikuwa kuomba shilingi mia tano ya kuzimua."

Wadogo zangu, linganisheni. Ule wa kwanza una tashibiha, una takriri, una kila kitu ambacho mtahini hukitolea alama. Huu wa pili hauna pambo hata moja. Lakini katika huu wa pili nawaona watu wanne, na kila mmoja ana ukubwa wake. Ile shilingi mia tano inaniambia mengi juu ya ugonjwa wa pombe kuliko mbingu zote zilizopasuka.

Daftari la pili lilikuwa na ukurasa mmoja zaidi ambao haukuwamo katika la kwanza. Ulieleza mchana wa siku ileile. Ulisema kwamba rafiki yake aliyesoma naye, aliyepata kazi serikalini, alikuja likizo akiwa na fedha. Kwamba walianza saa sita mchana. Kwamba mke wake alikuja mara mbili kumwita, na yule rafiki akamwambia, "Shemeji, mwache mwanamume apumzike," akaagiza tena. Saa kumi na mbili yule rafiki akaondoka kwenda kulala kwa wazazi wake, sehemu ya mwinuko ambako maji hayakufika.

Rafiki huyo ni mimi.

Mnajua nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu, nikaupiga mstari ukurasa wote, nikaandika pembeni: "Ukurasa huu unavunja mtiririko. Uondolewe." Niliandika kama mwalimu, na kwa maneno ya fani. Nikarudisha daftari. Baada ya siku chache mkewe alinipigia simu. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya watoto, kisha akasema, "Shemeji, nimeona masahihisho. Umekata palepale ulipokaa." Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda Kilosa Jumamosi iliyofuata, nikaomba radhi mbele ya wote wawili, nikaufuta mstari ule kadiri ulivyofutika. Wekundu bado unaonekana.

Basi sikusudii kuwafundisha ninyi jambo ambalo mimi nililifaulu. Mimi sikuwa mlevi, na mpaka siku ile nilijihesabu mtu safi katika habari hii. Kumbe kila hadithi ya ulevi ina watu walioagiza, watu waliocheka, watu waliokopesha, na sisi nasi tunapenda mtindo mzuri utakaotuacha nje.

Sehemu ya mwisho ya daftari inaeleza kuacha kwenyewe, na wengine wataiona inachosha. Alijaribu akaanguka mara mbili. Alikwenda hospitali, akaangaliwa siku za mwanzo. Alihama Mikumi akarudi Kilosa, kwa kuwa Mikumi madereva walizoea kumlipa fundi kwa bia badala ya fedha, na hakuweza kukataa malipo. Alibadili njia ya kwenda gereji ili asipite kilabuni. Alikunywa chai nyingi. Aliorodhesha madeni yake, akayalipa, mengine kwa shilingi elfu moja moja. Jioni ndizo zilizokuwa ngumu, hasa siku za mshahara. Kurasa nyingi zinasema tu: "Leo sikunywa. Nilifunga gia boksi ya Fuso. Nililala mapema."

Nilitaka kuzipunguza kurasa hizo pia, kisha nikajizuia. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, walianzisha chama cha kusaidiana kiitwacho Alcoholics Anonymous. Mwaka 1939 wenzao wakatoa kitabu chenye habari za watu wengi wasiojulikana kwa majina, zinazofuata njia ileile: tulivyokuwa, yaliyotokea, tulivyo sasa. Mhakiki wa fasihi atasema zinafanana mno. Ni kweli zinafanana. Lakini msomaji wake hatafuti jambo jipya. Anatafuta mtu kama yeye aliyefika Jumatatu bila kunywa. Marudio yale ni mtindo, nao unasema ukweli, kwa sababu kuacha pombe ni marudio.

Kwa hiyo, vijana, mkipewa kitabu cha namna hii msiulize kwanza kama kinasisimua. Tazameni kama mwandishi amejipima kwa kipimo sahihi, kama mke na watoto wake wana sauti, kama cherehani imo, na kama siku za kawaida hazikurukwa. Na kama mmoja wenu, au mzazi wa mmoja wenu, yumo katika shimo hilo, ajue kwamba msaada upo. Hospitali zetu huwapokea walevi. Kwa waliozama katika heroini, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo imefika mikoa mingine. Zanzibar zipo nyumba ambamo walioacha huwasaidia wanaoacha. Kuomba msaada hakumpunguzii mtu utu wake.

Kwa wenzangu wa zamani nina ombi moja dogo. Jioni hii tutakula pamoja, kama desturi yetu. Mwenzetu huyo atakuwapo. Atakunywa soda. Nawaombeni asiwepo mtu wa kumwambia, "Moja tu, kwa ajili ya zamani." Mimi niliwahi kusema maneno ya namna hiyo, na nimekwisha waeleza yaliyofuata.

Daftari lake bado halijachapishwa. Tunaliandika kwa mashine, sura moja moja, na mkewe ndiye anayesoma kila sura kabla ya mimi. Ukurasa ule wangu umo.